Ng'ombe Kumi na Wawili wa Chihembe

Ihumwa, Dodoma
9 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ya vumbi hili la Ihumwa. Najua simuni husikii tena hata nikipayuka, na ujumbe mfupi unaudharau, basi nimerudi kwenye karatasi kama ulivyoagiza. Barua hii nampa konda wa basi la Mpwapwa, naye atamkabidhi bodaboda wa kwetu.

Nina jambo la kukuchekesha. Jumamosi Shamimu, yule tunayekaa naye masjala, alinivuta kwenye semina. Kuna kamusi elezo kwenye mtandao ambayo haiandikwi na maprofesa. Inaandikwa na mtu yeyote, bure, na dunia nzima inasoma. Mimi ambaye kazi yangu ni kutafuta mafaili ya watu wengine, naambiwa keti hapa, fungua akaunti, andika unachokijua.

Nikaitafuta Chihembe. Baba, ipo! Sentensi mbili tu: ni kijiji cha wilaya ya Mpwapwa, na wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji. Nikaona hapana, hatuwezi kuwa sentensi mbili. Nikaongeza ya tatu: "Shule ya msingi ya Chihembe ilijengwa mwaka 1956 kwa ng'ombe kumi na wawili waliotolewa na Mzee Chilongani." Nikabonyeza, na jina la Babu likatokea pale. Nililia, usimwambie mtu.

Nusu saa haikwisha, mtu anayejiita Mhakiki Tisa akaifuta. Sababu yake maneno mawili: "Hakuna chanzo." Mwalimu wa semina akanieleza kwamba kule hawaulizi unajua nini, wanauliza umekisoma wapi. Lazima kiwe kimechapishwa. Niliona haya mbele ya watu, kama niliyekamatwa na uongo.

Je, una karatasi yoyote? Gazeti la zamani, kitabu cha wamisheni, chochote? Nilifikiri pia kumwandikia Bibi Devota wa bwawani. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki, huenda anakumbuka nani aliandika nini.

Mwanao,
Restuta


Chihembe
22 Machi 2024

Binti yangu Restuta,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya chipsi, mwambie huyo konda anawe mikono. Nimesahihisha makosa yako matatu kwa kalamu nyekundu na kukurudishia nakala. Mtu anayeandikia dunia nzima hana budi kujua pa kuweka nukta.

Hakuna chanzo! Huyo Mhakiki Tisa amezaliwa lini? Alikuwa wapi mabati yalipopanda pale mlimani? Nimefundisha miaka thelathini na nne chini ya mabati hayo, leo aje mtoto asiye na jina la ubatizo aniambie hakuna chanzo. Chanzo ni mimi.

Lakini nimetulia, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kosa ni letu, hatukuandika. Sasa sikiliza. Mwezi wa sita kigango chetu kinatimiza miaka sitini, na mimi ndiye katibu wa kamati ya jubilei. Tutachapa kijitabu huko mjini, chenye historia ya kijiji kizima. Historia hiyo nitaiandika mimi. Wanataka maandishi, watayapata.

Kuhusu Devota, usimsumbue. Ana miaka sabini na sita, akili yake inakwenda na kurudi. Atakuchanganyia mambo tu. Mambo ya ukoo wetu yatoke kwangu.

Baba yako,
Mwl. Bartolomayo Chilongani


Ihumwa
14 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kijitabu nimekipata, nimekisoma mara mbili, na ukurasa wa saba nimeubusu. Jumamosi ya wiki iliyopita nilirudisha ile sentensi, safari hii na tanbihi chini yake: jina la kijitabu, mwaka, ukurasa. Nimengoja siku saba. Mhakiki Tisa amepita, ameweka sawa mkato mmoja, akaenda zake. Hakufuta!

Jina la mwandishi halipo kwenye kijitabu, kimeandikwa "Kamati", kwa hiyo sikulazimika kusema kwamba mwandishi ni baba yangu. Shamimu alisema ningepaswa kusema. Nikamwambia ukweli ni ukweli, hata ukitoka kwa baba.

Nakutumia ukurasa uliochapwa kwenye karatasi nzuri ya ofisini. Uuweke kwenye fremu ukipenda. Sijawahi kufanya kitu kilichonipa furaha ya namna hii.

Mwanao,
Restuta


Chihembe
30 Septemba 2024

Restuta mama yangu,

Marahaba sana. Keti kwanza ndipo usome.

Unajua kata yetu imejengewa sekondari mpya. Jana ulikuwa mkutano wa kupendekeza jina. Wengine walitaka jina la mlima, wengine la diwani aliyepita, kelele tupu. Nikasimama na ile karatasi yako. Nikaibandika ubaoni kwa gamu ya ugali, nikasema jamani, dunia imeshaandika, sisi tunabishana nini? Mtendaji akaisoma kwa sauti. Watu wakaufyata. Mikono ilinyanyuka yote, kasoro michache ya upande ule wa bwawani.

Itaitwa Shule ya Sekondari Chilongani. Ufunguzi mwezi wa pili. Nimeutafuta usingizi nikaukosa, nikabaki kuliita jina la baba peke yangu chumbani. Wewe ndiye uliyefanya haya. Nilisomesha watoto wa watu wakawa wakubwa serikalini, lakini jina la nyumba hii limeinuliwa na karani wa masjala.

Devota alitoka kabla ya sala ya kufunga. Uzee.

Baba yako,
Bartolomayo


Chihembe
17 Novemba 2024

Mwanangu Restuta,

Mbukwa. Mimi ni Devota binti Ndahani, jirani yenu wa bwawani. Ulipokuwa mdogo ulikuja kwangu kula ubuyu. Anwani yako nimepewa na bodaboda.

Nimesoma ile karatasi yako ubaoni. Wale ng'ombe kumi na wawili hawakuwa wa babu yako. Walikuwa wa baba yangu.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui desturi, basi nitakueleza. Zamani mtu hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Ugonjwa ukija utamaliza wote. Aliwagawa kwa marafiki. Rafiki anakunywa maziwa, anachukua samadi, lakini ng'ombe ni amana, si wake. Hakuna karatasi. Wanasimama mashahidi wawili. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe ili aone kweli amekufa.

Baba yangu alipokwenda kukata mkonge Kilosa, alimkabidhi babu yako kumi na wawili. Miaka miwili ikapita. Wamisheni wakasema kijiji kikileta mabati wao wataleta mwalimu. Babu yako akasimama akasema, mimi natoa ng'ombe. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilisimama njiani wakipita kwenda mnadani. Nilimwona yule jike mwekundu mwenye pembe moja, ambaye tulikuwa tunamkamua sisi nyumbani. Nikamwambia mama. Mama akaniziba mdomo kwa mkono.

Baba alirudi mwaka wa nne, anakohoa. Akaenda kuuliza. Babu yako akamwambia ng'ombe walikufa kwa ugonjwa. Baba akasema, ngozi ziko wapi? Hazikuwepo. Shahidi mmoja alikuwa amekufa. Wa pili, kwa kuwa mtoto wake alikuwa darasani mle, akasema hakumbuki. Watu walimwambia baba ashitaki. Akasema, nikishinda nitafanya nini, nitang'oa mabati juu ya watoto? Akafa anachunga mbuzi wa watu. Mimi shule ile sikuingia, nilichunga ndama.

Huyo mtu wenu wa mtandaoni aliyetaka ushahidi kwanza, baba yako ametuhadithia mkutanoni kwa kumcheka. Mimi naona aliuliza vizuri. Angekaza.

Sitaki ng'ombe. Nataka jina la baba yangu liandikwe pale kabla sijafa. Wewe uliyeandika unaweza kufuta. Kusoma nilifundishwa na baba yako, mwaka 1974, kisomo cha watu wazima, chini ya mabati yale yale. Alikuwa mwalimu mzuri. Nilielewa kila neno.

Devota Ndahani


Ihumwa
24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Bibi Devota ameniandikia kurasa tatu. Akili yake haiendi popote wala hairudi popote, imetulia kuliko yangu.

Wale ng'ombe walikuwa wa nani? Nijibu kwa sentensi moja iliyokamilika, kama ulivyokuwa unatudai darasani.

Restuta


Chihembe
8 Desemba 2024

Binti yangu,

Wale ng'ombe walikuwa wa Ndahani.

Umepata sentensi yako. Sasa nipe ruhusa ya kuongeza nyingine, maana maisha ya mtu hayaishi kwenye sentensi moja.

Baba aliniambia mwaka 1981, wiki mbili kabla ya kufa. Watu walileta habari kwamba Ndahani amefia mkongeni. Wamisheni walikuwa mlangoni, na kijiji cha jirani kilikuwa kinachanga. Alikusudia kumlipa mjane na binti kwa ndama, mmoja mmoja. Ukaja ukame, ndama hawakuwepo. Kisha Ndahani akarudi, na wakati huo baba alikuwa ameshasifiwa mara ishirini. Mtu aliyeshasifiwa mara ishirini anaona heri adanganye mara ya ishirini na moja. Ndivyo alivyoniambia, kwa kinywa chake, na machozi.

Nilipoandika kijitabu nilijua. Nisikudanganye tena. Niliketi na kalamu, nikasema nitaandika "ng'ombe kumi na wawili" niishie hapo, bila mtu. Lakini ulikuwa umeshaniambia dunia inasubiri. Nikaandika jina la baba yangu. Nani asingeandika?

Una haki ya kunidharau. Ila fikiri. Shule ile imesomesha watu elfu na zaidi. Imemsomesha hata Devota ukubwani. Ng'ombe walifanya kazi njema, mwenye ng'ombe ni yupi Mungu anamjua. Ufunguzi ni mwezi wa pili, wageni wameshaalikwa, nitasoma risala. Ukiifuta sasa utanivua nguo mbele ya kila mtoto niliyemfundisha kusema kweli. Nina miaka sabini na minne. Ningoje, Restuta. Nikishafukiwa andika upendavyo. Devota amengoja maisha yake yote, miaka michache haitamwua.

Baba yako


Ukurasa wa majadiliano ya makala: Chihembe

Naomba sentensi ya ng'ombe iondolewe. Mimi ndiye niliyeiandika, na leo nimeifuta, nikaona imerudishwa. Si kweli. Ng'ombe walikuwa wa Mzee Ndahani, Mzee Chilongani aliwatunza tu. Nina barua ya binti wa Ndahani. Aliyeandika kijitabu ni baba yangu na amekiri. Restuta C., 3 Machi 2025, saa 4:14 asubuhi

Ahsante Restuta, karibu tena. Nimerejesha sentensi kwa sababu sasa ina vyanzo vitatu: kijitabu cha jubilei (ulikiweka wewe), habari ya gazeti kuhusu ufunguzi wa sekondari, na tovuti ya shule hiyo. Barua ya mtu binafsi haijachapishwa, haiwezi kutumika. Ninakushauri pia usihariri makala zinazohusu ndugu zako. Mhakiki Tisa, 3 Machi 2025, saa 5:02 asubuhi

Gazeti lilinakili kutoka hapa. Tovuti ya shule ilinakili kutoka hapa. Na hapa niliandika mimi! Restuta C., 3 Machi 2025, saa 5:09 asubuhi

Je, una chanzo kinachosema hivyo? Mhakiki Tisa, 3 Machi 2025, saa 5:31 asubuhi

Nimefuta mara ya nne na nitafuta ya tano. Restuta C., 3 Machi 2025, saa 6:20 mchana

Akaunti hii imefungiwa mwezi mmoja kwa kufuta taarifa zenye vyanzo. Hakuna ubaya, ni utaratibu. Mhakiki Tisa, 3 Machi 2025, saa 6:44 mchana


Ihumwa
9 Machi 2025

Bibi Devota,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya miezi minne. Nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma unaweza kuichoma barua hii.

Nilipopata barua yako ilikuwa rahisi. Wakati ule chanzo kilikuwa kimoja tu, kijitabu, na mimi nilijua nani aliyekiandika. Ningesema tu kwamba mwandishi ni baba yangu, wangefuta siku hiyo hiyo. Shamimu aliniambia fanya leo. Badala yake nilimwandikia Baba, naye akaniomba ningoje mpaka afe. Nilikasirika, nikamwita mwongo peke yangu chumbani, halafu nikangoja. Samahani, Bibi. Sikungoja kwa sababu nilimwamini. Nilingoja kwa sababu nilimwonea huruma yeye kuliko wewe.

Nilikwenda hata kwenye ufunguzi. Nilikuona umeketi mstari wa pili na kitenge walichowagawia wazee. Nilipinda nyuma ya hema usinione. Mwandishi wa habari aliniuliza nathibitishaje habari za Mzee Chilongani, nikamwambia ziko mtandaoni. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikiwa na barua yako kwenye mkoba. Sijui ni nani aliyekuwa anasema.

Gazeti lilipotoka ndipo nikashtuka. Nimejaribu kufuta wiki iliyopita. Wamekataa. Wanasema uongo wetu una vyanzo vitatu, na ukweli wako hauna hata kimoja. Nikawaambia vyote vitatu nimevizaa mimi. Wakaniomba chanzo. Wamenifungia akaunti. Nimelipigia lile gazeti, wakasema habari ya mwaka 1956 si habari. Nimemwandikia mkuu wa shule mpya, hajajibu, na kwa kweli angejibu nini?

Tulifundishwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ina karibu miaka sabini na bado inachongewa barabara.

Barua mbili za Baba ziko mezani, sijazifungua. Samahani, Bibi. Nikipewa akaunti tena nitajaribu. Niambie ufanyiwe nini, nitafanya. Samahani sana.

Mjukuu wako kama bado unanihesabu,
Restuta


Chihembe
2 Juni 2025

Restuta,

Marahaba. Barua nilipata mwezi wa tatu. Samahani zako nne nimezihesabu, nimezipokea. Sijui niziweke wapi.

Ulipokuwa nyuma ya hema nilikuona. Viatu vyako vilikuwa vyekundu.

Baba yako ananipita hapa akienda kanisani. Ananisalimia, namwitikia. Bomba la maji ni moja, makaburi ni mamoja, tutakwenda wapi. Siku moja alisimama akataka kusema, nikamwonyesha sikio, kwamba husikii hata nikikujibu. Akaenda. Amekonda. Mfungulie barua zake, ni baba yako.

Usijaribu tena. Nakwambia kwa nini.

Nina kitukuu, Ruthu, yuko darasa la tano pale shule ya zamani. Mwezi wa nne walipewa zoezi la historia ya kijiji. Swali mojawapo: Nani alitoa ng'ombe wa kujengea shule yetu? Ruthu akaandika Ndahani, kwa sababu nimemwambia hivyo tangu anajifunza kutembea. Mwalimu akamkosesha. Ni mwalimu mgeni, ametoka Mbeya, mtu mpole, hana ubaya na mtu. Ruthu akabisha, akasema bibi yangu anajua. Mwalimu akafungua simu, akampa asome mwenyewe kwa sauti. Akasoma mbele ya darasa zima, watoto wakamcheka. Alirudi nyumbani akaniuliza kama mimi ni mwongo.

Nilimweleza yote, ngozi, mkonge, jike mwekundu. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza, sasa Bibi, kwa nini haimo kwenye simu?

Wiki hii wana mtihani wa muhula. Mtoto huyu anapenda shule kuliko chakula, anataka awe wa kwanza, na alama moja tu ilimrudisha nyuma safari iliyopita. Jana nilikuwa nasonga ugali, akaja na daftari akaketi kwenye kigoda. Akasema, Bibi, lile swali likija tena niandike nani? Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa adabu, na macho yake yako kwangu.

Niliusahau mwiko mkononi, ugali ukashika sufuria.

Nikamwambia andika Chilongani.

Devota Ndahani